Begi la Kamera Linalokutosha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Napiga picha za harusi na sherehe Dar es Salaam, na mara moja moja kazi hunipeleka Zanzibar au mbugani. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na vijana ninaowafundisha kazi, na wapiga picha wenzangu, na hata wazazi wanaomnunulia mtoto kamera ya kwanza. Nimejibu kwa urefu pale ambapo nimeona watu wakipoteza fedha au wakiumiza migongo.

Nianze na nini kabla ya kwenda dukani?

Anza na kanga. Itandike sakafuni, uweke juu yake vifaa utakavyobeba siku ya kazi, vipangwe vilevile vitakavyolala ndani ya begi: kamera ikiwa imefungwa lenzi unayoitumia zaidi, lenzi nyingine ubavuni, flashi, chaja, betri za akiba. Kati ya kitu na kitu acha nafasi ya upana wa kidole, maana hapo ndipo utakaa ukuta wa sponji. Halafu chukua futi ya fundi cherehani, pima urefu na upana wa eneo lote, kisha pima kimo cha kitu kinachoinuka kuliko vyote. Andika namba hizo tatu kwenye simu. Hiyo ndiyo saizi yako, na ni vipimo vya ndani ya begi, si vya nje.

Angalia nimesema siku ya kazi. Sikusema kila kitu unachomiliki. Mtu akitandika kabati zima kwenye kanga atapata namba za sanduku la kusafiria, atalinunua, na baada ya miezi miwili ataanza kuacha kamera nyumbani kwa sababu begi linamchosha. Mimi begi nalipimia kazi ninayoifanya kila wiki. Kazi inayokuja mara mbili kwa mwaka nitaitafutia njia nyingine, hata kwa kuazima.

Ile namba ya tatu, kina cha begi, ndiyo inayosahaulika. Canon 5D Mark IV ina kimo cha karibu sentimita 11.6. Sony A7 III haifiki 10. Ukiongeza gripu ya betri (kishikio cha ziada chenye betri) chini, kamera yoyote kati ya hizo inapanda sentimita kadhaa, na begi lililoitosha jana halifungi leo. Mbaya zaidi ni pale linapofunga kwa kulazimisha. Zipu inapita, kifuniko kinaikandamiza kamera, swichi inasukumwa na kujiwasha. Nimewahi kufungua begi ukumbini nikakuta betri imekwisha na kamera ina joto kama kikombe cha chai, nikajua imekuwa macho njia nzima. Kina cha ndani kiwe na angalau sentimita moja zaidi ya kifaa chako kinachoinuka kuliko vyote.

Lebo inasema lita 20, au “kamera mbili na lenzi sita”. Niamini?

Lita zinapimwa pamoja na mifuko ya nje, sehemu ya kompyuta na pembe ambazo lenzi haiwezi kukaa. Mabegi mawili ya lita 20 yanaweza kupishana sana nafasi ya kamera. Na hizo “lenzi sita” mara nyingi ni lenzi fupi, zile za 50mm zinazoingia kiganjani. Usiangalie idadi, angalia urefu, upana na kina cha ndani. Kama muuzaji hana vipimo hivyo, toa futi yako mfukoni upime mwenyewe.

Nina kamera moja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Ninunue lipi?

Begi dogo la begani, lenye nafasi ya kamera na lenzi moja ya ziada, betri na memori kadi. Tosha. Ile lenzi ya pili utakayoinunua karibuni, mara nyingi 50mm f/1.8 (f ni kipimo cha mwanga unaopita kwenye lenzi), ni fupi kuliko glasi ya chai, na ya Canon ina gramu 160 tu. Usilipie nafasi ya vitu ambavyo hujavinunua.

Si ni afadhali nichukue kubwa kabisa, ili nikiongeza vifaa nisinunue tena?

Naelewa, fedha ni ngumu na hakuna anayependa kununua kitu mara mbili. Lakini begi kubwa lenye vifaa vichache ni hatari kwa vifaa. Kamera inacheza, lenzi inabiringika, na kwenye pikipiki kila tuta ni pigo. Kuta za sponji hushikiliwa kwa velkro. Zikiwa zimeachana mno huegemea upande, velkro inabanduka, na vitu vinagongana chuma kwa chuma.

Halafu nafasi tupu haikai tupu. Utaweka kofia, chupa ya maji, adapta tatu, kebo ambazo hujazigusa tangu mwaka juzi. Begi langu la pili lilikuwa hivyo, na siku moja nililipima kwa mzani wa duka la nafaka mtaani kwetu: kilo 13, na vilivyotumika kwenye kazi ya siku ile havikufika kilo 5. Nilikuwa na maumivu ya bega la kulia ambayo nilidhani ni ya kushika kamera.

Kama kweli una mpango wa kuongeza kifaa fulani, kitaje kwa jina. “Desemba nanunua lenzi ya 70-200” ni mpango, na unaweza kukipima na kukiachia nafasi yake. “Nitaongeza vifaa” hakipimiki.

Mimi napiga harusi. Vifaa vya kawaida vinahitaji begi la namna gani, na litakuwa na uzito gani?

Tupige hesabu kwa seti ambayo wengi wetu tumeianzia au bado tunaitumia: bodi (kamera bila lenzi) ya Canon 5D Mark IV, gramu 890 ikiwa na betri, kisha lenzi tatu: 24-70mm f/2.8L II, gramu 805, 70-200mm f/2.8L IS II, karibu gramu 1,490, 50mm f/1.8, gramu 160. Flashi ya 600EX II-RT, gramu 435 bila betri. Jumla gramu 3,780. Weka betri za flashi, chaja na kadi, unafika kilo 4 na zaidi. Begi tupu la mgongoni lililotengenezwa vizuri lina kilo moja na nusu hadi mbili. Kwa hiyo unabeba kilo 6 kabla hujaongeza bodi ya pili, na bodi ya pili kwenye harusi si anasa. Kamera ikigoma wakati bibi harusi anaingia, hakuna wa kumwomba atoke aingie tena.

Wanaotumia kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) watapungukiwa na uzito kiasi, lakini si sana kama matangazo yanavyodai, kwa sababu vioo vya lenzi za f/2.8 bado ni vioo. Pale ambapo tofauti inaonekana ni kwenye urefu: 70-200mm f/2.8 ya Canon ya mfumo wa RF, ule wa kamera hizo, ina sentimita 14.6 ikiwa haijavutwa, wakati ile ya EF, mfumo wa zamani, ina karibu sentimita 20. Inasimama wima mahali ambapo kaka yake alilazimika kulala.

Mpangilio nao ni nusu ya saizi. Kamera ikae na lenzi yake tayari imefungwa, kitako kikielekea unapofungulia. Bodi pamoja na 24-70 inafika karibu sentimita 18 toka nyuma ya kamera hadi mdomo wa lenzi. Pamoja na 70-200 ya zamani, haipungui 25. Kama begi lako haliwezi kulaza kamera na lenzi vikiwa vimeshikana, utakuwa unavitenganisha na kuviunganisha kila unapofika na kila unapoondoka, na kila mara vumbi linapata mlango.

Nakumbuka ndoa moja kanisani. Begi nililokuwa nalo lilikuwa zuri ila limebana: 50mm nilikuwa nimeichomeka juu ya 24-70, vimetenganishwa na kitambaa. Nikavuta 24-70 kwa haraka, 50mm ikatoka nayo, ikaruka ngazi mbili za madhabahu. Haikupasuka kioo, lakini pete ya fokasi ilikwama na fundi alisema haina maana kuitengeneza. Tangu siku ile sheria yangu ni kitu kimoja chumba kimoja, na kitu kisilale juu ya kitu. Ukiona unahitaji kupandanisha, begi ni dogo au mzigo ni mkubwa. Jiulize lipi.

Hudi ya lenzi inahesabiwa?

Ndiyo. Hata ukiigeuza nyuma, hudi, ile kinga inayovikwa mdomoni mwa lenzi, inaongeza unene wa lenzi. Pima lenzi ikiwa na hudi iliyogeuzwa, kama itakavyosafiri. Na usiiache nyumbani, ndiyo inayopokea kipigo kabla ya kioo.

Mgongoni au begani?

Ukizidi kilo 4, mgongoni. Bega moja halikuumbwa kubeba mzigo huo kuanzia asubuhi hadi usiku wa ukumbini. Chini ya hapo, la begani ni jepesi kwa kazi, maana unalizungusha mbele na kubadilisha lenzi ukiwa umesimama.

Swali la kweli kwetu ni usafiri. Kwenye bodaboda begi la begani linapeperuka na kumvuta abiria upande. La mgongoni linakaa, ila liwe fupi. Nasema fupi kwa sababu begi refu kitako chake kinagonga kiti cha pikipiki, na kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye kamera iliyo chini. Keti, valia begi, mwambie mwenzako aangalie kama vidole vinne vinapita kati ya kitako cha begi na kiti. Kwenye daladala au matatu iliyojaa, la mgongoni livaliwe mbele kifuani. Hapo unene ndio unaosumbua. Begi linalotoka sentimita 20 kifuani unaweza kuishi nalo, la 30 utagombana na watu.

Ninapenda mabegi yanayofunguliwa upande wa mgongo, ambapo zipu inalalia mwili wako. Ukiwa umelivaa hakuna mkono unaoweza kuingia. Faida nyingine ni kwamba ukililaza chini kwenye matope, upande unaogusa mgongo wako unabaki mkavu.

Nasafiri kwa ndege. Saizi gani itakubalika?

Kwanza uzito, ndipo vipimo. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 kwa begi la mkononi, mengine zaidi kidogo, na kimo ambacho kwa kawaida hakizidi sentimita 55. Rudi kwenye hesabu yetu ya harusi: kilo 4 za vifaa na begi la kilo 2 zinapita. Bodi ya pili inakusogeza ukingoni. Kompyuta mpakato ikiingia humohumo, umezidi. Ndiyo maana kwa safari nachagua begi jepesi lenyewe, hata kama sponji yake si nene sana, kwa sababu halitoki mikononi mwangu.

Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Zinakwenda nawe ndani, kila moja ikiwa imefunikwa sehemu za chuma. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Za kamera ziko mbali na hapo, kwa mfano NP-FZ100 ya Sony ina 16.4. Zile kubwa za kamera za video na taa ndizo za kusoma lebo: kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika, na mbili tu za akiba. Kwa hiyo mfuko wa betri uwe mahali unapoufikia bila kupakua begi zima mbele ya ukaguzi.

Ndege ndogo ni habari nyingine kabisa. Kutoka Arusha kwenda Serengeti, au uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Masai Mara, kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa mtu, nguo na kamera pamoja, na mzigo uwe kwenye begi laini. Sanduku gumu la plastiki linaweza kukataliwa hata kama halina uzito, kwa sababu haliwezi kubonyezwa kuingia kwenye tumbo la ndege hizo.

Nakwenda kupiga wanyama. Lenzi ndefu inahitaji begi lake?

Inahitaji urefu. Nikon 200-500mm f/5.6 ina karibu sentimita 27 na kilo 2.3, Sigma 150-600mm ya Contemporary ina sentimita 26 na karibu kilo 2. Ukifunga kamera juu yake, jumla inavuka 30. Begi lenye urefu wa ndani wa sentimita 40 linailaza katikati na kuacha vyumba viwili vitatu pembeni.

Lakini ndani ya gari la mbugani begi kubwa la mgongoni ni kero. Halienei miguuni, na huwezi kulifungua wakati chui anashuka mtini. Ninalitumia kufika tu. Asubuhi ya kwanza nalaza kamera mbili kwenye kiti, moja na lenzi ndefu, nyingine na fupi, nazifunika kwa kikoi kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa. Vumbi la kiangazi linapenya hata kwenye zipu iliyofungwa. Kikoi kinalinasa kabla halijafika, na sibadilishi lenzi garini hata nikishawishika vipi. Mto wa kuegemeza lenzi dirishani naubeba mtupu, haulipi nafasi wala kilo. Nikifika namwomba dereva tusimame sokoni, naujaza maharage au mchele, na siku ya kuondoka nauacha jikoni kambini.

Tripodi, taa na kompyuta viingie begi hilohilo?

Hapana, isipokuwa kompyuta, na hiyo iwe na chumba chake kisichogusa sakafu ya begi. Taa na stendi zina begi lao refu, linabebwa na msaidizi. Tripodi nyepesi ifungwe ubavuni, lakini ukumbuke inaliinamisha begi upande mmoja, hivyo chupa ya maji iende upande wa pili.

Mabegi ya kamera ni ghali. Naweza kutumia begi la kawaida?

Unaweza, na kwa wengi hii ndiyo njia bora. Nenda kwenye mitumba, Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, utafute begi la wapanda milima lenye mkanda wa kiunoni. Mabegi hayo yametengenezwa na watu wanaojua kubeba mzigo, na mkanda wa kiunoni ukikazwa vizuri unashusha uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Mabegi mengi ya kamera ya bei ya chini hayana mkanda huo, au yana utepe tu wa mapambo.

Ndani weka kifuko cha sponji chenye kuta. Vinauzwa vyenyewe, au mpelekee fundi mabegi zile namba tatu ulizopima kwenye kanga akushonee. Usimpe sponji ya godoro. Ukiibonyeza kwa kidole inazama hadi chini, na kamera nayo itazama hivyohivyo. Mpe mkeka wa mazoezi, ule mgumu kidogo usionyonya maji, unene wa sentimita moja. Kwenye kitako aweke tabaka mbili. Kitambaa cha ndani kiwe laini na chenye rangi ya kung'aa, njano au chungwa. Kofia nyeusi ya lenzi ndani ya begi jeusi, ukumbi ukiwa umezimwa taa, utaitafuta hadi keki ikatwe.

Faida nyingine ni kwamba begi hili halitangazi kilichomo. Lile lenye jina la kampuni ya kamera limeandikwa kwa herufi nyeupe mgongoni linamwambia kila mtu kituoni kwamba una milioni kadhaa.

Mvua je?

Zamani tulikuwa tunachomoa mfuko wa rambo, wa plastiki, na kufunika. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Bara Juni 2019, na kusema kweli haikuwa kinga nzuri. Nunua koti la mvua la begi, na ulipime begi likiwa limejaa, tripodi ikiwa ubavuni. Koti linalotosha begi tupu litakuachia pembe moja wazi, na maji yatapita hapo hapo.

Kwa boti ya Zanzibar au ngalawa, shida ni chumvi. Matone yakikauka yanaacha chumvi kwenye meno ya zipu, na baada ya safari chache inaanza kukwama. Ukifika, pitisha kitambaa chenye maji baridi juu ya zipu zote.

Nikimaliza kazi niiache kamera ndani ya begi hadi kazi nyingine?

Usifanye hivyo, hasa kama unaishi pwani. Sponji inanyonya jasho la mgongo wako na unyevu wa hewa, kisha inaushikilia gizani pasipo upepo. Hayo ndiyo mazingira ambayo kuvu wanayapenda. Huanza kama nyuzi nyembamba za utando wa buibui ndani ya lenzi, unaziona ukimulika tochi kwa nyuma. Wakikaa muda mrefu wanakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo, na alama hiyo haifutiki hata fundi akisafisha.

Rudi nyumbani, toa vifaa, acha begi wazi penye upepo hadi kesho. Kamera na lenzi ziingie kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na silika jeli (vipakiti vya kunyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo. Ikisoma kati ya asilimia 40 na 50, uko salama. Ikipanda kuelekea 60 na kuendelea, silika imeshiba, ikaushe au ubadilishe.

Nitajuaje dukani kwamba hili ndilo?

Nenda na vifaa vyako, si na kumbukumbu yake. Pakia kila kitu, funga zipu bila kusaidia kwa kiganja, kisha inamisha begi na ulitikise taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, sogeza kuta. Kikigonga tena, ni kubwa. Livae, tembea hadi barabarani na kurudi, panda ngazi kama zipo. Halafu funga macho, jaribu kutoa lenzi ya pili kwa mkono mmoja. Kama muuzaji hataki upakie vifaa vyako kwenye begi lake kabla ya kulipa, mshukuru na uende duka la jirani.